Maswali ya Wasomaji: Bustani Iliyo Katikati ya Barabara

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha akina mama kumi na wanne wa Uyole, Mbeya. Mwaka jana, mvua zilipoanza, tulipewa ruhusa ya kutunza kipande cha bustani kilicho katikati ya barabara, chenye urefu wa mita 80 hivi na upana wa mita 2. Tulipanda nyasi za kununua, bogenvilia na maua ya kana. Mvua zilipokatika mwezi Mei, kana zilikauka, nyasi zikawa kama mabua, na tangu hapo tunavuka barabara na ndoo za maji kichwani. Mwenzetu mmoja alikoswakoswa na bodaboda. Je, ipo mimea ya kwetu inayoweza kustahimili mahali kama hapo bila kumwagiliwa kila siku? — Katibu wa kikundi, Uyole

JIBU: Poleni sana, Mama Katibu, na pole zetu za pekee zimfikie huyo aliyenusurika. Mimea ipo, na mingi kati yake mnapishana nayo kila mnapopanda vilima vya kwenu. Lakini kabla hamjanunua mche mwingine wowote, naomba mng'oe mmoja wa ile iliyokufa mtazame mizizi yake. Nimekwisha kung'oa mingi ya namna hiyo, na mara nyingi mizizi huwa imejizungusha vilevile ilivyokuwa ndani ya kiriba cha kitaluni, bila hata mmoja kutoka nje. Sababu ni kwamba chini ya udongo mweusi wa juu kuna kifusi kilichoshindiliwa kwa mashine wakati barabara inajengwa, kigumu kiasi cha kuligonga jembe likarudi. Shimo dogo ndani ya kifusi hicho huwa ni chungu tu: wakati wa masika hujaa maji na kuozesha mizizi, na wakati wa kiangazi hukauka ndani ya wiki moja.

Fanyeni jaribio hili. Chimbeni shimo la kina cha mikono miwili, mwageni ndoo moja ya maji jioni, kisha mrudi asubuhi. Maji yakiwa bado yamesimama, basi fedha zenu za mwaka huu zitumike kwa sururu na samadi, wala si kwa maua. Vunjeni kifusi kwa kina cha sentimita 60, toeni mawe, changanyeni udongo na samadi iliyooza vizuri, kisha pandeni mwezi Desemba, mvua zikishashika vizuri, ili mizizi ipate miezi minne au mitano ya kushuka chini kabla ya ukame. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja tu wa mvua, na mche uliopandwa Machi huingia kipupwe ukiwa bado mtoto.

Sasa mimea yenyewe. Wa kwanza kwangu, tena kwa mbali, ni mshubiri. Aina za mishubiri zinazoota kwenye miamba ya nyanda zetu huweka maji ndani ya majani yao manene, na nyingi huchanua katikati ya kipupwe, Juni hadi Agosti, wakati kila kitu kingine kimekuwa rangi ya vumbi. Hapo ndipo mtakapowaona ndege wanaoitwa chozi wakining'inia kwenye mashada mekundu huku malori yakipita hatua tatu kutoka walipo. Msiing'oe porini. Ombeni vichipukizi kutoka kwa majirani wenye mishubiri nyumbani, viacheni kivulini siku mbili au tatu mpaka jeraha likauke, ndipo mpande. Kikipandwa kikiwa kibichi huoza. Katikati ya mishubiri wekeni kalankoe, ambazo nazo zina majani ya kuhifadhi maji. Badala ya nyasi za kununua, acheni ukoka utambae. Ni kweli kwamba utakuwa wa kahawia ifikapo Septemba, lakini vikonyo vyake vilivyo chini ya ardhi havifi, na mvua ya kwanza huurudisha bila gharama yoyote.

Bogenvilia zenu msizitoe. Asili yake ni Amerika Kusini, lakini ukishashika vizuri huvumilia ukame, na ukimwagiliwa kupita kiasi huzaa majani badala ya rangi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ile rangi si ua: ni majani yaliyobadilika, na ua lenyewe ni kile kijineli cheupe kilicho katikati yake. Tatizo lake ni miiba na kimo. Katika upana wa mita 2, tawi likiachwa mwezi mmoja wa mvua litakuwa limefika kwenye bega la mwendesha bodaboda. Punguzeni mara kwa mara, na karibu na kivuko cha waenda kwa miguu au njia panda msipande chochote kinachozidi goti la mtu mzima, kwa sababu mtoto wa shule anayesubiri kuvuka lazima dereva amwone mwili mzima. Hilo silifanyii mjadala, hata kama ua ni zuri namna gani.

Kuhusu maji, tandazeni majani makavu unene wa kiganja juu ya udongo, na katika mwaka wa kwanza mwagilieni mara moja tu kwa wiki, kwa wingi, alfajiri ya Jumapili wakati magari ni machache. Mwaka wa pili mishubiri haitahitaji ndoo zenu.

SWALI: Nimeona Kitulo maua mekundu na ya njano yaliyosimama kama mienge. Naweza kuchukua machache nikayapande kwenye bustani ya barabara hapa Makete? — Mwalimu mstaafu, Makete

JIBU: Hapana, Mwalimu, na naomba uwaambie na wengine. Ua hilo ni la jamii ya nifofia. Kitulo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, na ni kosa kuondoa mmea wowote humo. Zaidi ya hayo, nifofia za huko hupenda udongo wenye unyevu, kwenye uwanda ulio mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukiipeleka kwenye kifusi kilichochomwa na jua la lami itakufa, nawe utakuwa umeipunguzia Bustani ya Mungu, kama wenyeji wanavyoiita Kitulo, ua moja bure. Uwanda huo umeshapoteza okidi nyingi kwa wachimbaji wa viazi vyake vinavyouzwa hadi Zambia kwa chakula.

SWALI: Lantana inaota yenyewe na haifi. Kwa nini tusiitumie barabarani? — Msomaji, Ipogolo, Iringa

JIBU: Kwa sababu hiyohiyo ya kutokufa. Lantana ilitoka Amerika ya kitropiki, ndege hula matunda yake na kuzisambaza mbegu, na majani yake ni sumu kwa mifugo. Ukiipanda barabarani umeipa njia ya kufika kila shamba. Kama bustani yenu ina upana wa mita 4 au zaidi, pandeni miti ya mhemi, mmoja mmoja kwa nafasi kubwa, mbali na nyaya za umeme na njia panda. Tawi nene hushika likichomekwa ardhini mwanzoni mwa mvua. Mhemi hupukutisha majani wakati wa ukame, kisha huwaka maua mekundu kwenye matawi matupu. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi zina sumu, basi watoto wanaoziokota kwa kutunga shanga waambiwe wasiziweke mdomoni. Kabla ya kuchimba, pateni kibali: kwa barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, na kwa barabara za mitaa ni TARURA. Waulizeni pia mabomba na nyaya zimepita wapi, maana shimo la mhemi huenda chini kuliko la ua.