Mnaoanza kazi za kupanga usafiri Mbeya, anzeni na hesabu ya tajiri

Wadogo zangu mnaoripoti kazini kwenye mambo ya usafiri hapa Mbeya, msikimbilie ramani. Nendeni kituo cha daladala cha Kabwe saa kumi na mbili asubuhi, kaeni na konda, mumuulize hesabu ya siku ni shilingi ngapi. Madereva wengi wa daladala hawana mshahara, wanapeleka kwa tajiri, yaani mwenye gari, kiasi walichokubaliana, ndo hiyo hesabu, wanatoa mafuta, kinachobaki ndo chao, sasa hapo ndo utaelewa kwa nini gari inasimama Mafiati mpaka ijae, kwa nini saa nyingine haifiki Uyole inageuzia njiani abiria wanaambiwa shukeni, na kwa nini mwanafunzi anaachwa kituoni maana nauli yake ni ndogo. Mgeni akiona hivyo anasema madereva wahuni, anaandika ripoti faini ziongezwe. Haya zikiongezwa, hesabu iko palepale, dereva anakimbiza zaidi ili afidie! Sera isiyogusa makubaliano ya dereva na tajiri haitabadilisha kitu barabarani, hilo naliamini kabisa.

Pia jueni nani ana nini. Barabara kuu ya kwenda Tunduma ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, za mitaani ni TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu 2017, leseni za daladala na nauli ni LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na trafiki nao wana lao. Kusogeza kituo kimoja tu kunaweza kukuzungusha ofisi kadhaa, kwahiyo wafuateni kabla hamjachora chochote.

Halafu jiji letu ni refu, limelala kwenye barabara moja, malori ya Zambia na Kongo, mabasi ya mikoani, daladala, bajaji, wote humohumo. Barabara hiyo kuwa ya njia nne tunahitaji kweli, nani anabisha, ila mama anayetoka Uyole na gunia la viazi kwenda Mwanjelwa bado anataka pa kushukia, pa kuvukia, na gari itakayokubali mzigo wake. Bajaji zimeshika hiyo kazi kwa sababu zinaingia mpaka mlangoni. Mkitaka kuzitoa barabara kuu, andikeni kwanza nani atambeba yule mama, saa ngapi, kwa bei gani.

Na zile fomu za kuhesabu magari ongezeni sehemu mbili, abiria waliomo ndani ya gari, na waliobaki kituoni baada ya gari kuondoka.