Orodha inayosema "Hakuna bei" kabla data haijafika

Ndugu, umeeleza kwamba ukurasa wako wa React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa za wavuti) huandika "Hakuna bei" kabla ya bei za kahawa kutokea, na kwamba mtumiaji akichagua soko la Mbale kisha la Masaka kwa haraka, wakati mwingine huonyeshwa bei za Mbale. Tatizo la kwanza linatokana na kuanza na orodha tupu, ambayo programu haiwezi kuitofautisha na jibu tupu la seva. Tumia hali (state) moja yenye thamani nne, yaani haijaanza, inapakia, imefaulu na imeshindwa, na "Hakuna bei" ionekane tu pale ombi lilipofaulu na orodha ikawa tupu.

La pili ni zito zaidi, kwa kuwa mkulima anaweza kuuza kwa bei isiyo ya soko lake. Majibu si lazima yarudi kwa mpangilio wa maombi, kwa hiyo useEffect, sehemu ya React inayotuma ombi soko linapobadilishwa, irudishe funksheni inayoita abort() ya AbortController, kifaa cha kivinjari cha kukatiza maombi, ili ombi la zamani likatizwe, na AbortError, yaani kosa linalotokana na kukatiza huko, usiihesabu kuwa kushindwa. Aidha, fetch, yaani amri ya kutuma ombi kwa seva, haitoi kosa seva inapojibu 404 (haikupatikana) au 500 (hitilafu ya seva). Ni lazima ukague mwenyewe response.ok, inayoonyesha kama seva imejibu kwa mafanikio. Mtandao ukikatika, weka kitufe cha "Jaribu tena", si duara linalozunguka bila kikomo.