Uzamili wa Sayansi ya Kompyuta: Anza na Kazi Unayoitaka

Vijana wanaomaliza shahada ya kwanza hapa Unguja huniuliza kama wasome uzamili wa sayansi ya kompyuta, nami huwarudishia suali: ni kazi gani unayoitaka ambayo hutapewa bila ya shahada hiyo? Anayetaka kusomesha chuo kikuu au kufanya utafiti ajitayarishe kuomba, kwani huko cheti ndicho kinachotazamwa mwanzo. Anayetaka kutengeneza mifumo ya hoteli au ya malipo kwa simu ataulizwa zaidi juu ya mifumo aliyokwisha kuitengeneza.

Mimi niliajiriwa kwanza, nikishughulika na kanzidata, yaani hifadhi za taarifa ndani ya kompyuta, na nikarudi kusoma pale kazi ilipoanza kudai utabiri wa takwimu, ambapo programu ilinipa majibu lakini sikuweza kumweleza mkuu wangu kwa nini ayaamini. Kilichonifaa zaidi darasani kilikuwa hisabati, yaani aljebra ya mstari (hesabu za safu na majedwali ya namba), nadharia ya uwezekano na takwimu. Lugha za programu ningeweza kujifunza nyumbani, na kwa kweli nyingi nilijifunza huko.

Siku hizi si lazima mtu avuke bahari. Kampasi ya IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, iliyofunguliwa Bweleo hapa Unguja mwaka 2023, inatoa uzamili wa sayansi ya data na akili mnemba. Hata hivyo, usihesabu ada peke yake. Kwa mwajiriwa, mshahara utakaosita huweza kuwa gharama kubwa kuliko ada, kwa hiyo ruhusa ya masomo, pamoja na masharti ya kurudi kazini, ipatikane kwa maandishi kabla hujajisajili. Ahadi ya mdomo ya mkuu wa idara huondoka naye anapohamishwa.

Jambo jengine ni tasnifu. Masomo ya darasani yana ratiba na mitihani inayokusukuma, lakini tasnifu inakutegemea wewe na msimamizi wako, na wengi niliosoma nao walikwama hapo wakiwa wameshafaulu kila kitu. Ndiyo maana naona ni bora kuuliza wanafunzi waliotangulia kuhusu wasimamizi, nani anasoma rasimu na nani anazilaza, kuliko kuuliza sifa za chuo.

Ukiwa bado una shaka, tafuta kitabu cha aljebra ya mstari, ukifanyie mazoezi kila usiku kwa mwezi mmoja baada ya kazi, kisha ndipo ujaze fomu au uiwache.