Wakala wa AI hajui desturi za ofisi yenu: kuandika maelezo ya zana za mauzo

Ukimuunganisha wakala wa akili mnemba (AI), yaani programu inayomfanyia mtu kazi yenyewe, na programu ya mauzo kwa njia ya zana, yaani kazi anazoweza kuiagiza kama kutafuta mteja, iwe ni Salesforce, HubSpot au mfumo mliojitengenezea wenyewe, anachopewa ni orodha tu: jina la kila zana, maelezo yake na vigezo inavyodai, yaani taarifa za kujazwa ili ifanye kazi. Kuandika maelezo hayo kwa ajili ya timu za mauzo ndiyo kazi yangu. Nikiambiwa nichague kati ya kubadilisha modeli, yaani akili mnemba inayomwendesha wakala, na kuyaandika upya, naanza na maelezo, tena bila kusita.

Mengi ninayoyakuta ni ya sentensi moja: "Hutafuta mteja." Si uongo, lakini chukua Salesforce. Mtu aliyejaza fomu jana kwenye tovuti yenu yumo kama Lead, yaani mtu anayeweza kuwa mteja. Timu ikishamkubali, Lead hiyo hugeuzwa kuwa Contact (rekodi ya mtu) na Account (rekodi ya kampuni yake), na mkitaka, Opportunity (rekodi ya dili) papo hapo. Sasa muuzaji akiandika, "nipe namba ya yule mama wa duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo," wakala aanzie wapi? Muuzaji mzoefu hata haulizi. Wakala atabahatisha, kwa sababu hakuna aliyemwandikia.

Mimi ningeandika hivi: "Hutafuta rekodi za Contact, yaani watu waliokwisha kukubaliwa na timu ya mauzo. Kwa aliyejaza fomu tu, tumia zana ya tafuta_lead. Kama namba ya simu ipo, anza nayo, kwa kuwa majina hujirudia. Hurudisha rekodi zisizozidi kumi, kila moja na jina la kampuni na tarehe ya mawasiliano ya mwisho. Usipopata kitu, jaribu tafuta_lead, kisha muulize mtumiaji. Usifungue rekodi mpya."

Ni marefu, najua. Ila sentensi ile ya mwisho pekee inalipa gharama yote. Bila hiyo, wakala mwenye bidii humfungulia rekodi mpya kila mteja asiyemwona, na baada ya muda mteja mmoja anapigiwa simu na wauzaji wawili wenye bei mbili tofauti.

Vigezo navyo vina mitego yake. Opportunity ya Salesforce haikubali kuhifadhiwa bila jina, hatua dili lilipofikia na tarehe ya kulifunga. Muuzaji anayesema "niingizie dili la milioni tatu" hakutaja tarehe, na wakala akiona uga (nafasi ya kujaza) ni wa lazima ataujaza kwa tarehe ya kubuni. Bosi atakuja kusoma makadirio ya robo mwaka yaliyojengwa juu ya tarehe hizo. Kwenye kigezo hicho andika wazi: "Kama mtumiaji hakuitaja, muulize, usikadirie." Milioni tatu za nini, shilingi au dola? Hilo nalo liandikwe.

Halafu kuna saa. Muuzaji wa Dar akisema "nipangie kikao saa nne asubuhi" anamaanisha 10:00, na mfumo unaotunza saa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, unatakiwa kupokea 07:00. Wakala asipoambiwa anaweza kuisoma kama 04:00 na kumwalika mteja alfajiri. Tarehe iwe 2025-04-03, maana 03/04 kwetu ni Aprili na kwa Mmarekani ni Machi. Simu ianze na +255. Majina ya hatua za dili usiyaeleze kwa maneno. Yaweke kama orodha ya thamani zinazoruhusiwa, herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye mfumo.

Jambo moja ambalo watu hawapendi kulisikia: maelezo hayafungi mlango. Kuandika "usifute rekodi bila ruhusa" ni vizuri, lakini akaunti anayotumia wakala isiwe na uwezo wa kufuta kabisa. Punguzo la bei na barua pepe kwa wateja vipitie kwa binadamu kwanza.

Ujumbe wa hitilafu nao uhesabu kuwa sehemu ya maelezo, kwani wakala huusoma vilevile. "Hitilafu 400" haimfundishi kitu. "Hatua uliyotaja haipo, zilizopo ni hizi" humfanya ajisahihishe mwenyewe.

Kupima, usitunge maswali yako safi ya mezani. Waombe wauzaji maombi waliyokwisha kuandikiana kwenye kundi la WhatsApp, na vifupisho vyao vyote, ondoa majina na namba za wateja, kisha mpe wakala uone anaita zana ipi. Akichanganya zana mbili mara kwa mara, tatizo mara nyingi ni kwamba hata wewe huwezi kueleza tofauti yake kwa sentensi moja. Hapo ziunganishe. Na yeyote mwenye mamlaka ya kubadilisha majina ya hatua kwenye mfumo ajulishwe faili la maelezo liko wapi, alibadilishe siku hiyohiyo.