Kocha, niuze kiwanja mwanangu aende Uturuki?

SWALI: Shikamoo Kocha. Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mwanangu Doto ana miaka 17, yuko kidato cha tatu, urefu wake sentimita 201 na bado anarefuka. Mwezi uliopita kijana mmoja alimwona akicheza mpira wa kikapu Nyakato, akasema yeye ni wakala, kuna klabu Uturuki inamtaka kwa majaribio. Anataka milioni nne za usajili na viza. Nina kiwanja Buhongwa na mteja yupo. Doto halali usingizi, pacha wake Kulwa anasema tunatapeliwa. Niuze?
Mama Kulwa, Igoma

JIBU: Marahaba, Mama Kulwa. Usiuze. Nakujibu hilo kwanza maana mteja mwenye hela mkononi hasubiri.

Tunamwita mchezaji wa kulipwa kwa sababu yeye ndiye anayelipwa. Wakala wa kweli anakula baada ya mchezaji kusaini: NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mgao wake hauzidi asilimia 4 ya mshahara, Ulaya mazoea ni asilimia 10 na mara nyingi klabu ndiyo inayoitoa. Klabu inayohitaji senta, yule mrefu wa chini ya kikapu, inamwandikia mchezaji barua yenye jina la klabu na kumkatia tiketi, haingoji mama yake auze kiwanja. Mwombe huyo kijana namba ya leseni yake ya FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani. Mawakala wenye leseni wameorodheshwa kwenye tovuti ya FIBA, Kulwa atalitafuta jina lake kwa simu sasa hivi.

Kinachonitia shaka zaidi ni umri. Kanuni za FIBA hazimruhusu mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla hajatimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu maalumu, kama wazazi kuhamia huko kikazi, au masomo. Mtu anayeijua kazi hii angekuuliza tarehe ya kuzaliwa ya Doto kabla ya kukutajia Uturuki.

Mimi niliondoka Mwanza mwaka 2003 nikiwa na miaka 24. Nilicheza misimu miwili daraja la pili, Ulaya mashariki. Mkataba ulikuwa kurasa 11, kila ukurasa safu mbili: kushoto lugha yao, kulia Kiingereza. Nilisoma kulia tu, nikaweka saini jikoni kwa meneja, juu ya kitambaa cha plastiki chenye maua mekundu. Ukurasa wa 9 kulikuwa na mstari mmoja: safu zikitofautiana, ya kushoto ndiyo inayoshika. Kulia mshahara ulikuwa wa miezi 10. Kushoto ulikuwa wa miezi ambayo ligi inachezwa, yaani saba, na matibabu yalikuwa juu yangu. Nililijua hilo Januari goti lilipovimba. Usiku nilikuwa nachota theluji dirishani, natia kwenye mfuko wa nailoni, nabandika gotini, asubuhi naingia mazoezini nikijilazimisha nisichechemee, maana ukionekana unachechemea wanaleta mwingine.

Wakati ule sikuwa na pa kushtaki. Tangu 2007 kuna baraza la usuluhishi la mpira wa kikapu, BAT, lenye makao Geneva, na mchezaji anaweza kudai mshahara wake huko hata kama amesharudi Igoma. Lakini mkataba wenyewe lazima uwe na kifungu kinachoitaja BAT. Siku Doto akiletewa mkataba, tafuteni kifungu hicho kabla ya kutazama mshahara.

Najua Doto anamtaja Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu aliyefika NBA, vijana wangu wote wanamtaja. Basi aisome njia yake yote. Hasheem alitoka Dar akaingia sekondari Houston, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut miaka mitatu, ndipo mwaka 2009 timu ya Memphis ikamchagua akiwa wa pili kati ya wachezaji wapya wote walioingia NBA mwaka huo, mbele ya James Harden na Stephen Curry, waliokuja kuwa nyota wakubwa. Februari 2010, msimu wake wa kwanza haujaisha, akashushwa ligi ya chini, timu ya Dakota Wizards. Hapa nyumbani nilisikia watu wakimcheka, na iliniuma sana, maana waliocheka hawajui ugumu wa kukaa kule hata siku moja. Alicheza NBA misimu mitano katika timu nne, na alipopita miaka 30 bado alikuwa akicheza, Japani kisha Taiwan. Kazi yetu ndivyo ilivyo. Unapewa mkataba wa mwaka, pengine wa miezi michache, na nusu ya nguo zako hazitoki begini.

Kwa Doto, mimi ningeanza na shule kama alivyoanza Hasheem. Shule ya Marekani ikimkubali mwanafunzi inampa fomu iitwayo I-20, imeandikwa jina la shule, gharama za mwaka na nani anazibeba. Hiyo ndiyo anayokwenda nayo ubalozini kuomba viza ya masomo. Na vyuo vya huko vinaangalia alama za sekondari kabla ya kumruhusu mtu acheze, kwa hiyo kidato cha nne akimalize, na Kiingereza akifanyie kazi kama anavyofanyia ribaundi, kuudaka mpira uliokosa kikapu.

Jumamosi saa kumi jioni niko uwanjani Malimbe. Mlete Doto na viatu vyake na ripoti ya muhula huu, nataka nimwone akikimbia. Kulwa naye aje na jina kamili la huyo kijana. Mteja wa Buhongwa mwambie leo hii kwamba kiwanja hakiuzwi.