Maswali na Majibu: Mti Uliogeuka Jiwe

*Nimenunua kipande kilichong'arishwa cha mti uliogeuka jiwe. Kina umri gani? Picha hii hapa.*

Kila wiki naletewa picha, na kila wiki najibu kwamba picha haina umri. Umri husomwa kwenye mwamba ambamo mti ulizikwa, kwa hiyo niambieni kwanza kipande kimetoka wapi. Magogo ya Arizona, Marekani, yamepita miaka milioni 200; ya Khorixas, Namibia, yanakaribia milioni 280. Muuzaji akikujibu "Afrika" tu, umenunua pambo. Pambo si kosa, ila usililipie bei ya kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe cha kale yaliyogeuka jiwe. Ukitajiwa mahali, paandike nyuma ya kipande siku hiyohiyo.

*Ni mti kweli?*

Ulikuwa mti. Gogo lilifukiwa kabla halijaoza, maji ya ardhini yenye silika (madini yaliyomo kwenye mchanga) yakapenya hadi ndani ya seli, silika ikaganda humo ikawa jiwe gumu. Ndiyo maana kisu cha jikoni hakiwezi kukikwaruza kipande chako.

*Wekundu huu umepakwa rangi?*

Kwa kawaida hapana, ni madini ya chuma. Bluu kali iliyoenea sawasawa kote, hiyo itilie shaka.

*Mwezi wa saba nitazuru Petrified Forest, hifadhi ya magogo ya mawe huko Arizona. Kijipande kimoja kitadhuru nini?*

Kitadhuru, na naomba swali hili lisirudi. Kabla eneo lile halijalindwa, watu walilipua magogo kwa baruti wakisaka fuwele zilizomo ndani. Rais Theodore Roosevelt alilitangaza kuwa eneo la hifadhi mwaka 1906, na bado wageni wameendelea kutia vijipande mfukoni. Wengine huvirudisha kwa posta, na barua za kuomba radhi. Havirudishwi vilipotoka, kwa sababu hakuna ajuaye vililala wapi. Hurundikwa pembeni, na kwa mtafiti vimeshapotea. Ukitaka ukumbusho, nunua kilichochimbwa kwenye shamba la mtu binafsi na udai maandishi ya kilikotoka. Katika ardhi nyingi za umma zilizo chini ya wakala wa ardhi wa serikali kuu ya Marekani, sheria inaruhusu mtu kuokota takriban kilo 11 na kipande kimoja cha ziada kwa siku, zisizozidi kilo 113 kwa mwaka, za kuweka nyumbani na si za kuuza. Ndani ya hifadhi, hata kokoto usiokote.

*Nimeona magogo ya mawe Sibiloi, kando ya Ziwa Turkana, Kenya. Naweza kubeba kimoja?*

Hapana. Visukuku vinalindwa na sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Piga picha, andika mahali, wajulishe Makumbusho ya Taifa.

*Nina grainda. Nikate mwenyewe?*

Usikate kikavu hata mara moja. Vumbi la silika huacha makovu kwenye mapafu, na makovu hayo hayaponi. Tumia msumeno wa almasi unaomwagiwa maji muda wote na barakoa ya kuzuia vumbi laini, kisha msasa wa maji, kuanzia wenye chembe kubwa hadi laini kabisa. Ng'arisha uso mmoja tu. Upande wenye alama za gome uache ulivyo: wengi huusaga ili kipande kimeremete, na ukishasagwa haurudi.