Mnauliza, tunajibu: siku moja Versailles kwa watu wawili

Mimi na mume wangu tutakuwa Paris kuanzia Jumamosi hadi Alhamisi, mwezi wa tano. Twende Versailles siku gani?

Jumatano au Alhamisi. Jumatatu kasri la Versailles, la wafalme wa zamani wa Ufaransa nje kidogo ya Paris, hufungwa. Jumanne hujaa kupita kiasi: waliokosa Jumatatu wote huja, na makumbusho ya Louvre nayo hufungwa Jumanne, basi wageni wa Paris humiminikia Versailles. Jumamosi na Jumapili pia kuna umati, ila chemchemi za bustani hurusha maji. Kama hizo ndizo kiu yenu, vumilieni watu mwende Jumamosi. Tarehe 1 Mei msijisumbue, kasri hufungwa.

Treni ipi? Na kadi moja ya nauli inatutosha wawili?

Haitoshi. Kadi ya nauli ya Paris, Navigo Easy, hutumiwa na mtu mmoja tu katika kila safari. Wa pili atakwama getini, na akipenya atatozwa faini na wakaguzi. Nunueni mbili, kisha wekeni nauli ya kwenda na kurudi mkiwa bado Paris, kwa kuwa jioni foleni ya mashine za Versailles huwa ndefu. Tangu Januari 2025 nauli ya treni na metro ni moja kwa mkoa wote wa Paris, isipokuwa viwanja vya ndege.

Pandeni RER C inayoishia Versailles Château Rive Gauche. Kutoka hapo ni dakika 10 kwa miguu. Someni ubao kabla ya kupanda, maana njia hiyo ina matawi mengi na wageni hujikuta mji mwingine. Wakati wa kiangazi, Julai na Agosti, sehemu yake ya katikati ya Paris mara nyingi hufungwa kwa matengenezo. Hapo shikeni treni N kutoka Montparnasse hadi Versailles Chantiers, au L kutoka Saint-Lazare hadi Versailles Rive Droite, mkijua mtatembea karibu dakika 20.

Mke wangu ametununulia tiketi za kasri tu. Tumepunjwa?

Hamjapunjwa, lakini mmejinyima. Tiketi hiyo haiwaingizi kwenye majumba ya Trianon, yale madogo mawili yaliyo mbali bustanini, na kwetu sisi huko ndiko wapendanao wanakostarehe zaidi. Tiketi iitwayo Passeport hubeba vyote, pamoja na bustani siku za chemchemi. Chagueni saa 3 asubuhi (itaandikwa 09:00) na mfike mapema kidogo, kwa sababu kila mtu hupita kwenye ukaguzi hata mwenye tiketi ya saa maalumu. Begi linalozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20 halipokelewi, kwa hiyo msije na masanduku mkitokea hotelini.

Tuanzie wapi?

Kasri kwanza, kwa sababu moja tu: Trianon hufunguliwa saa 6 mchana. Wengi huanzia bustanini, wanafika Trianon mlango umefungwa, wanarudi kasri wakati vikundi vya mabasi vimeshajaa.

Ndani, msikwame vyumba vya mwanzo. Tunzeni muda wenu kwa Ukumbi wa Vioo, wenye urefu wa mita 73, matao 17 na vioo 357, kazi ya Jules Hardouin-Mansart iliyokamilika 1684. Tazameni juu pia. Dari ilichorwa na Charles Le Brun. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kusimama hapa. Ni katika ukumbi huu, tarehe 28 Juni 1919, Ujerumani ilitia saini mkataba wa kumaliza Vita Kuu ya Kwanza, na ndani yake ikayaacha makoloni yake. Baada ya hapo Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji.

Kufikia saa 5 tokeni bustanini, mteremke kutoka chemchemi ya Latona hadi ya Apollo, kisha mpinde kulia kuelekea Trianon. Kutoka kasri ni karibu nusu saa. Kuna kitreni kinacholipiwa kando na tiketi. Kihifadhini kwa kurudi, miguu ikishachoka. Njia ni za kokoto, viatu vya visigino vitawatesa.

Tulienda mwaka jana, chemchemi zilikuwa kavu. Kwa nini?

Maji hayajawahi kutosha tangu enzi za Louis XIV. Chemchemi husukumwa na uzito wa maji yanayoshuka kutoka mabwawa yaliyo juu, si na pampu palepale. Mfalme alijengewa mtambo wa Marly, magurudumu 14 ya kupandisha maji ya mto Seine, na bado yakapungua. Mafundi wakawa wanapigiana filimbi ili wafungue chemchemi anayoikaribia mfalme na kufunga aliyoipita. Leo pia hufunguliwa kwa saa maalumu, wikendi za Aprili hadi Oktoba na siku chache nyingine. Chukueni ratiba mlangoni. Ya Neptune, yenye mirusho 99, ndiyo hurusha maji mwisho, alasiri.

Tunaweza kula chakula chetu bustanini?

Bustanini hapana. Kwenye hifadhi inayozunguka Mfereji Mkuu inaruhusiwa. Nunueni mkate, jibini na matunda soko la Notre-Dame mjini.

Nataka kumvisha mchumba wangu pete. Ukumbi wa Vioo unafaa?

Ndugu, pale utasukumwa na watu. Mpeleke Hekalu la Mapenzi katika bustani ya Petit Trianon: kibanda cha mviringo cha mwaka 1778, nguzo 12, juu ya kisiwa kidogo kijitoni. Fika milango inapofunguliwa tu, kabla watu hawajatapakaa. Pete iwe mfuko wa ndani wa koti, si kwenye begi, kwa sababu mabegi hufunguliwa kwenye ukaguzi naye atakuwa amesimama kando yako.